Lini Niweke Zote? Maswali na Majibu Kuhusu Poka ya Mashindano

Barua zenu nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ni wakati gani mtu asukume kete zake zote katikati ya meza? Nimegawa karata na kusimamia mashindano ya poka mjini Nairobi kwa miaka kumi na minne, na walionipita wakielekea mlangoni kwa sababu ya kusubiri ni wengi kuliko waliotolewa kwa kuthubutu. Nimechagua maswali yanayoniudhi na yale yanayoninyima usingizi. Anayetaka kujua kama tatu za namna moja zinashinda jozi mbili amwombe rafiki amfundishe jioni moja, huko sirudi. Ninazungumzia mchezo mmoja tu, Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, ukichezwa kwa mfumo wa mashindano: unalipa kiingilio, unapewa kete, na kete zikiisha umetoka.

"Nimebaki na kete chache. Nisubiri karata nzuri?"
*(Barua kumi na moja: Nairobi, Arusha, Mombasa, na moja kutoka Dubai)*

Nawajibu kwa pamoja, na hapa nitakaa kuliko penginepo, maana hili ndilo kosa linalowatoa watu huku wakiamini wamecheza kwa busara.

Karibu nyote mmetumia neno "subira". Subira yavuta heri, sikatai, lakini aliyesema hivyo hakuwa akitozwa kwa kila dakika aliyokaa. Katika mashindano ya poka kusubiri kunalipiwa, na bei yake hupanda kila dau za lazima, yaani blaindi, zinapopandishwa.

Tuhesabu. Meza ina watu tisa. Blaindi ndogo ni 500, kubwa ni 1,000, na aliyekalia blaindi kubwa anatoa pia ante ya 1,000 kwa niaba ya meza nzima. Mzunguko mmoja ukikamilika, kila mchezaji amelipa 2,500 hata kama hakucheza karata yoyote. Wewe una 8,000. Zinakutosha mizunguko mitatu na kidogo, yaani migao 28 hivi. Baada ya hapo huna kitu, na hiyo ni iwapo blaindi zitasimama palepale. Hazisimami.

Sasa tuitazame hiyo karata nzuri unayoingoja. Ree mbili hugawiwa mara moja katika migao 221. Tuwe wakarimu, tuongeze wafalme wawili, malkia wawili, na ree pamoja na mfalme. Zote hizo kwa jumla huja mara moja katika migao 39. Ukiwa na migao 28 ya kuishi, uwezekano wa kuona hata moja kati yake ni kama kurusha shilingi. Ikija kwenye mgao wa ishirini na tano, mkononi utakuwa na kete 3,000 au pungufu. Utasukuma, na mwenye blaindi kubwa ataona kwamba anaongeza 2,000 tu kugombea 5,500 zilizokwisha kuwa mezani. Atafuata hata na takataka. Ukimshinda, umerudi karibu na pale ulipoanzia kusubiri. Ndiyo heri yenyewe mliyoivuta kwa saa nzima.

Tugeuze upande. Bado una zile 8,000. Umekalia nafasi ya mgawaji, wote waliokutangulia wametupa karata, wamebaki wenye blaindi mbili tu. Mezani kuna 2,500. Mkononi una mfalme na tisa. Tuseme kila mmoja wa hao wawili atakufuata mara moja katika tano. Maana yake, mara 64 katika mia wote wawili watatupa, nawe utazoa 2,500, uhai wa mzunguko mzima, bila karata kufunguliwa. Mara 36 utafuatwa, na hapo utakuwa nyuma. Tuseme unashinda mara 38 katika mia. Jumlisha faida na hasara, kisha tafuta wastani: kila ukisukuma katika hali hii unaongeza kama kete 1,150. Ukitupa, unaongeza sifuri na unasogea mgao mmoja kuelekea blaindi.

Sasa fanyeni jambo ambalo wengi wenu hamjawahi kulifanya. Ondoeni mfalme na tisa, wekeni karata dhaifu zaidi, inayoshinda mara 35 tu ikifuatwa. Faida inashuka kutoka 1,150 hadi 950 hivi. Basi! Ubora wa karata umebadilisha kete 200, ilhali kutupa kwa wapinzani peke yake kunaleta 1,600. Faida yenu kubwa inatoka kwa wapinzani wanaotupa, na mpinzani hutupa pale tu unapokuwa bado na kete za kumwumiza. Mwenye 8,000 anaogopwa, lakini mwenye 2,000 hufuatwa na kila mtu. Kwa hiyo kadiri unavyongoja karata ya kukupa nguvu, ndivyo unavyoipoteza ile nguvu uliyokuwa nayo.

Dan Harrington, bingwa wa dunia wa mwaka 1995, alilieleza jambo hili kwa kipimo chepesi alichokipa herufi M, kwa heshima ya Paul Magriel, gwiji wa backgammon aliyekibuni. Gawanya kete zako kwa gharama ya mzunguko mmoja. Ikiwa M yako inazidi 20, una nafasi ya kucheza utakavyo. Ikishuka hadi 5 au chini yake, huna tena nafasi ya kupandisha kidogo ukaona itakuwaje. Una mawili tu, kuweka zote au kutupa. Yule mwenye 8,000 ana M ya 3.2. Na msidhani Harrington alikuwa mtu wa pupa. Alisifika kwa uangalifu, na kwa uangalifu huohuo alimaliza wa tatu mwaka 2003 katika watu 839, kisha wa nne mwaka 2004 katika watu 2,576, kwenye shindano kuu la World Series of Poker, Las Vegas.

Masharti ni matatu. Kwanza, uwe wa kwanza kuingia. Mtu akishapandisha mbele yako, hesabu nyingine inaanza. Pili, hesabu walio nyuma yako: kusukuma mbele ya wawili si sawa na kusukuma mbele ya wanane, kwa hiyo ukiwa mwanzo wa meza dai karata bora zaidi. Tatu, wajue wenzako. Kwenye meza ya watu wasiotupa kitu, ile 64 katika mia inaporomoka, na hapo karata zako zinaanza kuwa na uzito.

"Nilifuata ulivyofundisha. Mtu aliweka zote, nikamfuata na mfalme na tisa, nikatoka."
*(Kisumu)*

Sikufundisha hivyo, ndugu yangu.

Anayesukuma ana njia mbili za kushinda: wenzake watupe, au karata zake ziwe bora zikifunguliwa. Anayefuata amejifungia njia ya kwanza kwa mikono yake, amebakiwa na karata tu. Ndiyo maana karata za kufuatia lazima ziwe bora kuliko za kusukumia. Mwandishi wa vitabu vya poka David Sklansky aliliandika wazo hilo miaka mingi iliyopita, na bado kila wiki naona mtu akifuata na karata ambazo angesita hata kusukuma nazo.

Kumbuka shindano hilohilo la World Series mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi yake kupitia mchujo mdogo wa intaneti wa dola 86, alibaki na Sam Farha peke yake, wakigombea dola milioni 2.5. Karata ya tano ilipofunguliwa, Moneymaker hakuwa na hata jozi. Alikuwa amewinda rangi moja, amewinda mfululizo, amekosa vyote. Akaweka zote. Farha alikuwa na jozi ya tisa, karata bora, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akatupa. Wangebadilishana viti, Farha akasukuma na Moneymaker akapaswa kuamua, yale makopa na mashupaza ya Moneymaker yasingekuwa na thamani ya kufuata hata kete moja.

"Ree mbili zangu zimepigwa na saba na mbili. Mchezo wa intaneti umepangwa ili tunaoweka zote tupoteze?"
*(Barua tisa)*

Ree mbili dhidi ya saba na mbili hupoteza takriban mara moja katika nane. Ukicheza kila usiku, jambo hilo litakupata, kisha litakupata tena. Halihitaji mwizi.

Mnachokisahau ni kwamba hatari hujizidisha. Tuseme wewe ni mjanja kiasi kwamba kila unapoweka zote uko mbele kwa 80 katika mia. Nafasi ya kupona mara tano mfululizo ni 33 katika mia. Mara mbili katika tatu utakuwa umetoka, nawe ulikuwa mbele kila mara. Hakuna aliyekuibia, hivi ndivyo namba zilivyo. Dawa yake ni kupunguza idadi ya mara unazoruhusu kufuatwa na mtu anayeweza kukutoa kabisa, na hapo tunarudi kwenye jibu la kwanza: kusanya kete wapinzani wakiwa bado wanatupa.

Sisemi kwamba wizi haujawahi kutokea. Mwaka 2007 iligundulika kwamba kwenye tovuti ya Absolute Poker kulikuwa na akaunti iliyoweza kuona karata za siri za wachezaji wengine. Lakini angalieni ilivyogunduliwa. Wachezaji walipata rekodi za michezo, wakazichambua mgao kwa mgao, wakaonyesha kwamba mtu huyo alikuwa akifuata na kutupa kama aonaye mbele na nyuma ya karata. Walileta ushahidi wa mamia ya migao. Ninyi mnaniletea picha ya mgao mmoja uliowauma. Wekeni rekodi ya migao elfu moja mliyoweka zote, mhesabu mlitarajiwa kushinda mara ngapi na mlishinda mara ngapi. Mkikuta pengo kubwa, niandikieni tena.

"Kuna kikundi cha simu kinauza programu inayoonyesha karata za wapinzani. Ni ya kweli?"
*(Barua nne)*

Ni utapeli. Mwenye chombo cha kuona karata zote duniani hahitaji shilingi elfu tano zako. Na kabla ya kukuonyesha chochote, programu hiyo huomba uiruhusu isome jumbe zako za simu, zikiwemo namba za siri za benki. Ifute leo, badilisha namba zako za siri leo, na umwambie aliyekuingiza kwenye kikundi hicho.

"Mganga amenipa kitu cha kuweka mfukoni nikiweka zote."

Mrudishie.

"Tumebaki wanne, watatu ndio wanaolipwa. Jirani kaweka zote. Mimi nina malkia wawili. Nawezaje kutupa?"
*(Dar es Salaam)*

Swali lako ndilo bora kuliko yote mwezi huu, na umeliuliza kwa hasira kwa kuwa mtu alikuambia utupe. Huenda alikuwa sahihi.

Wengi wenu mnaamini kwamba kete zikizidishwa mara mbili, na hela zake zimezidi mara mbili. Sivyo. Umesema kila mmoja alikuwa na kete zinazokaribiana, basi tuzifanye 10,000 kila mtu. Zawadi ni shilingi milioni moja: wa kwanza 500,000, wa pili 300,000, wa tatu 200,000. Kwa kuwa mko sawa, kiti cha kila mmoja kina thamani ya 250,000. Ukimfuata jirani na kushindwa, thamani yako ni sifuri. Ukishinda, una kete 20,000, nusu ya kete zote. Lakini huwezi kulipwa zawadi mbili. Hesabu inayojulikana kama ICM, ambayo mwandishi wa poka Mason Malmuth aliiandika tangu mwaka 1987, inakupa thamani ya 383,000 hivi. Umeweka rehani 250,000 ili upate nyongeza ya 133,000.

Ili biashara hiyo isikutie hasara, lazima ushinde mara 65 katika mia. Malkia wawili wakikutana na ree na mfalme hushinda kama mara 57. Wakikutana na jozi ndogo hushinda 80. Wakikutana na wafalme wawili au ree mbili, wewe ndiye unayewinda. Kwa hiyo lazima umjue jirani. Ikiwa anasukuma kila kitu, fuata bila kusita. Ikiwa ni mzee makini ambaye hajasukuma tangu jioni, tupa, na usimsikilize atakayekucheka.

Tazama pia walioko pembeni. Ninyi wawili mkipigana, wale wawili wengine wanapanda kutoka 250,000 hadi 308,000 kila mmoja. Hawajacheza karata, wamekunywa maji tu. Zile 58,000 za kila mmoja wao zimetoka kwenu. Ndovu wawili wakipigana ziumiazo nyasi, lakini karibu na mstari wa malipo nyasi ndizo zinazonenepa.

Na hili lina upande wa pili ambao wachache wanautumia. Kama wenzako wanahitaji 65 katika mia ili wakufuate, basi watatupa karata nyingi nzuri. Mwenye kete nyingi anayesukuma wa kwanza wakati huo hukusanya blaindi karibu bure. Hofu ya kufuata ni ya kila mtu, naye aliyetangulia kusukuma ndiye anayeivuna.

"Nilitupa ree mbili. Rafiki zangu hawajaacha kunicheka."
*(Zanzibar)*

Umeeleza kwamba ulikuwa mchujo wa kupata tiketi za shindano kubwa: tiketi kumi zinazolingana, watu kumi na mmoja wamebaki, wewe wa pili kwa wingi wa kete, na aliyeweka zote ndiye wa kwanza. Ulifanya sawasawa kabisa.

Anayemaliza wa kwanza na wa kumi wanapata tiketi ileile. Ukishinda mgao ule hupati tiketi mbili. Ukishindwa, nayo hutokea kama mara moja katika tano au sita hata kwa ree mbili, umeitupa tiketi iliyokuwa tayari mkononi. Acha wenye kete chache watolewe na blaindi. Wanaokucheka wanazitazama karata, wewe ulitazama unachogombea.

"Ree na mfalme: niweke zote kila nikizipata?"
*(Barua tano)*

Zinapendwa kupita kiasi na zinaogopwa kupita kiasi. Ree na mfalme si jozi. Mbili mbili, karata ambazo mnazidharau, ziko mbele kidogo zikifunguliwa dhidi yake, 52 au 53 kwa mia. Dhidi ya ree na malkia zinashinda kama mara 74. Dhidi ya wafalme wawili zinashinda 30, na dhidi ya ree mbili zinashinda kama 7.

Uzuri wake uko kwingine. Ukishika ree moja na mfalme mmoja, umeondoa kwenye seti karata ambazo wapinzani wangezihitaji kuunda zile jozi mbili za kutisha: njia za kupata ree mbili zinashuka kutoka sita hadi tatu, na wafalme wawili vilevile. Ndiyo maana ni karata ya kusukumia kuliko ya kufuatia. Ukiwa na M ya 10 au chini, sukuma. Ukiwa na kete nyingi na watu wawili wameshaweka zote mbele yako siku ya kwanza ya shindano, sioni haraka ya nini.

"Mwenye kete nyingi akinifuata, anaweza kunidai zaidi ya nilizo nazo?"

Hapana. Utashinda au kupoteza kiasi chako tu. Zinazozidi, kama kuna mwingine wa kuzigombea, zinawekwa kwenye poti ya pembeni ambayo haikuhusu.

"Kwa nini mgawaji alinilazimisha kufungua karata nilipoweka zote? Ni siri yangu."
*(Eldoret)*

Kwenye mashindano, dau likishakamilika na mmoja ameweka zote, karata zote zinafunguliwa mara moja. Kanuni hiyo inawalinda ninyi wenyewe: bila hiyo, marafiki wawili wangeweza kupitishiana kete kisirisiri, mmoja akijifanya ameshindwa. Mgawaji alitenda haki.

"Bado nina kete moja na kiti. Si Jack Straus alishinda hivyo?"
*(Barua tatu)*

Shikamoo mzee uliyeniandikia kutoka Tanga, na vijana wawili mlionukuu kisa hichohicho. Inasimuliwa kwamba mwaka 1982, kwenye shindano kuu la World Series kule Las Vegas, Jack Straus aliamini ameshapoteza kete zake zote, akainuka, kisha akakuta kete moja imejificha mezani. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, kete ile ilihesabiwa kuwa yake, akaendelea hadi akawa bingwa wa dunia. Washiriki walikuwa 104.

Mnakitumia kisa hiki kama ruhusa ya kuziacha kete ziyeyuke hadi moja. Straus hakuchagua kubaki na moja. Alipoteza mgao mkubwa, ndipo ikabaki. Tangu 1982 hadi leo shindano lile limekua, mwaka 2024 lilikuwa na washiriki 10,112, na bado watu wanasimulia kisa cha mtu mmoja. Kingekuwa jambo la kawaida, tusingelikumbuka jina lake. Mzee wangu, ukibaki na kete moja kwa bahati mbaya, pigana nayo. Usijipange kubaki nayo.

Somo la kanuni lililomo humo ndilo linalowafaa zaidi. Neno lililotamkwa kwa zamu yako linakufunga. Ukisema "naweka zote", umeweka, hata kama mkono haujagusa kete.

"Nilifuata na nane na tatu nikashinda poti kubwa. Kwa hiyo nilikuwa sahihi?"

Hapana.

"Nitajuaje basi kama nilikosea, ikiwa matokeo hayaniambii?"
*(Kampala, Mwanza)*

Nunua daftari. Kila unapoweka zote au kumfuata aliyeweka zote, andika mambo manne mara upatapo nafasi: ulikuwa na kete ngapi na blaindi ni ngapi, ulikaa wapi na wangapi walikuwa nyuma yako, ulidhani mpinzani anaweza kuwa na karata zipi, na mstari wa malipo ulikuwa karibu kiasi gani. Usiandike nani alishinda. Baada ya wiki, ukiwa umesahau maumivu, soma na ufanye hesabu. Zipo programu halali za kujifunzia zinazofanya hesabu ya ICM baada ya mchezo, na hazihitaji kusoma jumbe zako. Nimewaona vijana wawili wakibadilika ndani ya miezi sita kwa daftari la shilingi hamsini. Wote wawili walishangazwa na jambo lilelile: makosa yao mengi hayakuwa migao waliyopoteza, yalikuwa migao waliyotupa.

"Mume wangu alikopa kwa simu mara tatu usiku mmoja ili arudi mashindanoni. Anasema ndivyo wataalamu wanavyofanya."
*(Mwanza)*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na naomba umsomee jibu hili.

Ubora mkubwa wa mashindano ni kwamba hasara yake ina ukuta. Ukilipa kiingilio, kete ulizopewa si fedha tena. Unaweza kuzisukuma zote bila hofu kwa sababu nyumbani hakuna kilichosukumwa. Kila nilichoandika hapo juu kimejengwa juu ya ukuta huo. Anayekopa ili aingie tena ameubomoa. Mara ya tatu hakuwa akicheza shindano, alikuwa akiifukuza fedha ya mara ya kwanza na ya pili, na anayefukuza fedha hasukumi kwa hesabu.

Wanaocheza kama kazi wanaijua takwimu moja ambayo mumeo hajaambiwa: kwa kawaida wanaolipwa kwenye shindano ni kumi hadi kumi na tano katika mia. Hata mjuzi hurudi nyumbani mikono mitupu siku nyingi kuliko zile anazorudi na kitu. Ndiyo maana wao huweka akiba ya viingilio mia au zaidi, fedha iliyotengwa mbali na kodi na ada za shule, na hawagusi mkopo. Mkopo wa simu una tarehe ya kulipwa. Ushindi hauna tarehe.

Aanze kwa kusimama kabisa hadi madeni yote matatu yaishe. Aende mwenyewe pale anapochezea, aombe kwa maandishi asipokewe, na wewe ubaki na nakala. Simu yake ifutwe programu za kukopesha na za kuchezea. Akiona hawezi, na wengi hawawezi peke yao, hilo ni jambo la kumwona daktari au mshauri, kama ugonjwa mwingine wowote, na halina aibu.

Siku akitaka kurudi, kanuni ni moja: kiingilio kimoja, kiasi kinachojulikana na nyinyi wawili kabla hajavaa viatu, na simu inabaki kwako. Akikubali hayo, aniandikie yeye mwenyewe. Nitamfundisha lini aweke zote.